Tuchukulie Kwamba

Neno la kwanza ubaoni, mwaka wa kwanza,
chumba cha juu kule Chimwaga, upepo ukigonga madirisha,
lilikuwa *tuchukulie*.
Tuchukulie wanunuzi ni wengi.
Tuchukulie kila mmoja aijua bei ya mwenzake.
Tuchukulie vingine vyote vimetulia,
havipumui, havijikuni,
mpaka tumalize kuchora.

Mwalimu Mgoli akachora mistari miwili:
mmoja ukipanda kama njia ya Kilimatinde,
mmoja ukishuka kama mtu anayerudi kilabuni.
Ilipokutana akatia nukta. Chaki ikavunjika.
"Hapa," akasema, "ndipo soko linapolala."

Niliipenda nukta ile, sioni haya kusema.
Nilitoka nyumba ambamo ada haikuwahi kukutana na fedha,
wala ndoo na maji, mahali palipopangwa.
Nikaikoleza kwa kalamu nyekundu.

Mwezi wa tatu nikaenda Hombolo.
Zabibu zimeiva kwa mpigo, kama zilizoambiana.
Shangazi Sechelela kajaza kreti arobaini na moja
na lori la kiwanda lilisema saa tatu.
Saa tano, vumbi tu.
Saa saba nyuki wakawatangulia wateja.
Saa nane akaja Masinga na pikipiki ya matairi matatu,
akataja bei, akawasha sigara.

Wanunuzi wengi: mmoja.
Habari kamili: simu yake pekee ndiyo yenye chaji.
Vingine vyote vimetulia:
juisi inachuruzika kreti hadi kreti, hadi kwenye kanga.

Nikafungua daftari juu ya goti.
Safari hii mstari wa wauzaji haukupanda.
Ulisimama wima kama nguzo ya umeme,
maana kilichochumwa hakirudi mtini
na kesho yake ni siki.
Bei ikateleza juu ya nguzo, chini, chini,
mpaka pale pale alipotaja Masinga.
Kitabu hakikukosea. Ndicho kilichoniuma.

"Na mimi niko wapi hapo?" akauliza shangazi.
Nikamwonyesha nukta.
Akaitazama kwa muda.
"Nimekonda," akasema.

Nikakumbuka Kolo, ziara ya darasa la sita,
watu wekundu mwambani, warefu, wembamba kama njiti,
watu wasio na macho wakimwinda pofu.
Tulicheka.
Leo nadhani aliyewachora aliyajua macho vizuri.
Aliyaacha. Aliacha nyasi, jua, kiu, jina la mkewe,
ili mkuki uonekane unakokwenda.
Kuacha nako ni ufundi,
ila usisahau ulichoacha umekiweka wapi:
mimi nilimwacha shangazi nje ya mstari
nikashangaa kumkuta ndani ya nukta.

Akanyang'anya kalamu.
"Hii nguzo yako, kwa nini imesimama hivi?"
Kwa sababu hamna pa kuziweka.
"Kwa hiyo pakiwepo, italala?"
Italala kidogo.
"Kidogo kiasi gani?"
Hapo mwalimu hakutufundisha.

Masinga akaondoka na kreti ishirini na saba,
akinung'unika kama aliyeibiwa.
Kumi na nne zikapanda juu ya bati,
tukazitandaza kwenye mkeka, tukazifunika chandarua,
mbu wa usiku ule wakatufaidi.
Jirani, Mzee Nhonya, akaja kucheka,
akarudi baadaye kuuliza chandarua kinauzwaje.

Sijui kama zitakauka.
Kilo ngapi zitabaki, nani atazinunua Majengo,
kama wote wataanika, bei itakwenda wapi:
hayo yote yanataka mchoro mwingine,
na karatasi zilikuwa zimebaki mbili.

"Tuchukulie," akasema shangazi
(hakuna aliyemfundisha neno hilo,
miaka yote amepanda uwele kwa neno hilo)
"tuchukulie mvua hainyeshi mpaka Jumatano."
Akatazama mashariki, akanusa.

Nikaliandika pembezoni.
Kwa penseli.